Tanki kubwa, bomba jembamba: maswali yenu kuhusu gari la umeme na taa za nyumbani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: umeme ukikatika, gari lililojaa chaji uani linaweza kuibeba nyumba? Linaweza, ila betri ya gari ni tanki kubwa lenye bomba jembamba. Ndani mna yuniti 40 hadi 60 au zaidi, lakini mlango wa kutokea hupitisha kilowati 2 hadi 3.6 tu. Wengi wa walioandika wamekwama hapo mlangoni.

Nina BYD Atto 3 lenye betri ya yuniti 60. LUKU inaonyesha nyumba yangu inakula yuniti 8 kwa siku, nikajua nina wiki nzima ya akiba. Umeme ulipokatika niliunganisha friji, feni tatu, taa na ruta. Baada ya saa 24 chaji ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 90 hadi 70. Hizo ni yuniti 12, na pasi sikugusa! Zimekwenda wapi?
*Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

Karibu nusu imeliwa na gari lenyewe. Ili litoe umeme wa volti 230, gari haliwezi kulala: kompyuta zake ziko macho, swichi kubwa za betri zimeunganishwa, na mara nyingine pampu ya kupoozea inazunguka. Ulaji huo hutofautiana kati ya gari na gari, lakini wati 150 hadi 300 ni jambo la kawaida. Chukua 200, zidisha kwa saa 24, unapata yuniti 4.8. Ongeza upotevu wa kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, kama asilimia 10. Vilivyobaki, yuniti 6 hivi, ndivyo friji, feni na taa zako zilivyokula kweli.

Kosa kubwa hufanyika usiku. Saa nane za usiku ruta na taa mbili hazifiki hata wati 30, ila gari linakesha na wati zake 200 ili kuzihudumia. Ni kama kuwasha Fuso kwenda dukani kununua kiberiti.

Kwa hiyo kusanya kazi. Washa gari kwa muda wa saa mbili au tatu asubuhi, na muda kama huo jioni: friji ipoe, simu zichajiwe, maji yapandishwe tangini, nguo zipigwe pasi. Kisha zima. Friji isiyofunguliwa-funguliwa huhifadhi ubaridi kama saa 4 tu, kwa hiyo vinavyoharibika haraka vihamie friza, ambayo ikijaa hukaa hadi saa 48 mlango ukiwa umefungwa. Ruta, taa na feni moja za usiku zipe betri yake ndogo, hata ya yuniti 1, ambayo utaijaza wakati gari liko macho. Ukifanya hivyo, yuniti 30 za gari (kutoka asilimia 90 hadi 40) zinaweza kukufikisha siku ya tano badala ya kuisha siku ya tatu.

Na weka kikomo cha chini kwenye menyu ya gari kabla hujaanza. Asilimia 30 ni ya busara. Umeme ukikatika eneo zima, chaja za jirani nazo zimekufa, na mgonjwa wa usiku hangoji.

Hamjambo wahariri. Stima zikipotea huwa navuta ekstensheni kutoka kwa gari hadi sebuleni. Fundi ameniambia atanitengenezea waya wenye plagi ya dume pande zote mbili: upande mmoja kwa gari, mwingine kwa soketi ya jikoni, na nyumba yote iwake. Ni shilingi 1,500 tu. Nimkubalie?
*Msomaji, Ruaka, Kenya*

Usimkubalie, na usimwite tena.

Waya huo ukichomoka upande wa ukutani wakati gari linatoa umeme, pini zilizo wazi mkononi mwako zina volti 230. Hilo ni dogo. Ukisahau kuzima mein swichi, umeme wa gari unatoka nje kupitia mita hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui kwamba umeingilia mlango wa nyuma: inaupandisha kuelekea volti 11,000. Fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Mara nyingi mzigo wa mtaa utaliangusha gari lako kwanza, lakini uhai wa mtu haupaswi kutegemea neno "mara nyingi". Tena stima zikirudi ghafla, mawimbi ya gridi na ya gari yanagongana, na kinachokufa ni inveta iliyo ndani ya gari. Usitegemee warantii kwa hilo.

Njia halali ina vipande vichache, na vyote vinapatikana katika maduka ya vifaa vya umeme. Moyo wake ni swichi ya chenjiova ya nguzo mbili, ampia 40 au 63, yenye nafasi tatu: gridi, sifuri, gari. Nguzo mbili maana yake inakata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Zile za bei rahisi zinazokata waya wa moto peke yake hazifai hapa. Swichi inakaa baada ya mita na mein swichi, kamwe si kabla, la sivyo utaonekana umechezea mita.

Baada ya chenjiova usipeleke nyumba nzima. Mwambie fundi afunge DB (sanduku la breka) ndogo ya pembeni yenye sakiti za lazima tu: taa, soketi za sebule, friji, pampu ndogo. Jiko la umeme, kiyoyozi na ile shawa inayochemsha maji papo hapo vibaki DB kubwa. Shawa hiyo peke yake huvuta kilowati 4 hadi 5 na zaidi, nalo gari lako likitoa 3.3 litazima papo hapo huku una sabuni usoni.

Upande wa gari, ukutani nje weka mdomo wa dume wa viwandani, ule wa bluu wa ampia 16, wenye kifuniko. Kutoka kwenye adapta ya gari tumia kebo laini ya mpira yenye nyaya tatu za milimita za mraba 2.5, isiyozidi mita 15. Ndani, kabla ya chenjiova, ifuatwe na breka ya nguzo mbili ya ampia 16 na RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati: Kenya ni ya EPRA, Tanzania Bara ni ya EWURA.

Namna ya kuwasha nayo ina mpangilio. Zima breka zote za DB ndogo. Peleka chenjiova sifuri. Chomeka kebo, washa gari litoe umeme, kisha peleka chenjiova upande wa gari. Sasa inua breka moja moja ukianza na friji, kwa sababu kompresa inapoamka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni mwake. Ikiamka pamoja na birika na pampu, gari litakata. Stima zikirudi usikimbilie swichi. Ngoja dakika tano uone kama zimetulia, na kompresa nayo ipate kupumua.

Kwa usiku kama ule wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipokuwa gizani, ekstensheni yako ya sasa ingetosha kabisa kwa friji na taa. Ikunjue yote kutoka kwenye gurudumu lake kabla ya kuipa mzigo, maana ikibaki imeviringwa hupata moto hadi plastiki kulainika.

Assalaam alaykum. Nimechomeka adapta ya V2L (ile ya kutolea umeme wa gari) kwenye gari, nikapima kwa bisibisi ya testa. Matundu yote mawili ya soketi yanawaka! Umeme wa ZECO huwaka tundu moja tu. Jee, adapta hii mbovu?
*Msomaji, Mbweni, Unguja*

Waalaykum salaam. Si mbovu, na umefanya vyema kupima. Kwenye umeme wa ZECO, nyutro imefungwa ardhini kule kwenye transfoma, ndiyo maana tundu lake halina habari. Umeme unaotoka kwenye gari kwa kawaida haukufungwa ardhini popote. Mafundi wanasema "unaelea". Ukipima kwa mita, tundu kwa tundu utaona 230, na kila tundu kwa pini ya ethi utaona namba inayoyumba karibu na 115. Testa inawaka kote kwa sababu hiyo.

Kwa kuchomeka friji moja kwa moja kwenye adapta, kuelea ni salama: ukigusa waya mmoja, umeme hauna njia ya kurudi kupitia mwili wako. Shida inaanza unapouingiza kwenye nyaya za nyumba. RCD yako inasubiri umeme uvujie ardhini ndipo ikate, na umeme unaoelea hauvuji kwa hitilafu ya kwanza. Hitilafu ya pili ndiyo inayouma, na RCD inaweza kukaa kimya.

Dawa yake ni kiungo kimoja kati ya nyutro na ethi, upande wa gari, kabla ya RCD, pamoja na chenjiova ya nguzo mbili ili kiungo hicho kisikutane kamwe na nyutro ya ZECO. Lakini soma kitabu cha gari kwanza. Yapo magari yanayojipima uvujaji, na yakiona kiungo hicho hutoa ujumbe wa hitilafu na kuzima. Gari la namna hiyo libaki la ekstensheni.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea: kitufe cha majaribio kwenye RCD hakithibitishi kitu hapa. Kitufe kile huzungusha umeme kati ya waya wa moto na nyutro ndani ya RCD yenyewe, hivyo kitakata hata kama ethi haipo kabisa. Jaribio la kweli ni kifaa cha kupimia kinachochomekwa kwenye soketi na kuvujisha miliampia 30 kwenda ethi. RCD ikikata kwa hicho, lala usingizi.

Wazee wa Unguja wanaokumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, wanajua kelele za jenereta kila uchochoro. Gari halina kelele, lakini chumvi ya bahari inalipenda. Kila mwezi kagua pini za mlango wa chaji. Ukiona ukijani, pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme gari likiwa limezimwa, acha likauke, na kifuniko kisiachwe wazi.

Nina Nissan Leaf la 2016, yuniti 30, lililotoka Japani. Nimenunua adapta ya V2L mtandaoni lakini haiingii. Nifanyeje?
*Msomaji, Nyali, Mombasa*

Rudisha adapta kama muuzaji anakubali. Leaf za Japani zina mlango wa Type 1 kwa chaji ya kawaida na CHAdeMO kwa chaji ya haraka, na adapta nyingi za V2L zimetengenezewa Type 2. Hata ungeilazimisha iingie, mlango wa Type 1 wa Leaf hautoi umeme nje; gari halina inveta ya kazi hiyo. Leaf hutoa umeme kupitia CHAdeMO, na Japani wamekuwa wakiendesha nyumba kwa njia hiyo tangu 2012, lakini inahitaji sanduku maalumu la bei kubwa. Tena masanduku ya soko la Japani ni ya volti 100 na 200, si ya nyumba zetu.

Njia ya mtu wa kawaida ni betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya boneti. Leaf likiwa READY, yaani limewashwa tayari kuendeshwa, betri kubwa huilisha hiyo ndogo kupitia kigeuzi chenye uwezo wa zaidi ya kilowati moja. Nunua inveta ya volti 12 ya wati 1,000, ya wimbi safi, maana wimbi la ngazi huzifanya kompresa zingurume na kupata moto. Ikifanya kazi kwa nguvu zote itavuta kama ampia 80, kwa hiyo tumia waya wa milimita za mraba 25 usiozidi mita moja, na fyuzi ya ampia 100 ndani ya sentimita 20 kutoka pini chanya. Hasi usiifunge kwenye pini ya betri. Ifunge kwenye bolti ya bodi, kwa sababu pale kwenye pini hasi kuna kipimo cha umeme ambacho utakiruka, na gari litakosea hesabu.

Zingatia neno READY. Wengi huwasha taa za dashibodi tu na kuona kila kitu kinafanya kazi, kumbe wanakunywa betri ndogo peke yake. Kwa mzigo wa wati 500 itakufa ndani ya nusu saa hivi, na ikifa hata milango inagoma na betri kubwa haiamki. Gari likiwa READY alama yake ya kijani inaonekana dashibodi. Breki ya mkono ivutwe, gia iwe P, na ufunguo usiachwe ndani: gari la umeme lililo macho halitoi sauti, mwizi ataliondoa bila wewe kusikia.

Wati 1,000 ni friji, taa, televisheni na ruta. Birika sahau.

Mitsubishi Outlander PHEV langu lina soketi ndani, zimeandikwa 1500 W. Nimechomeka blenda, inazunguka kama imechoka.
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Soketi za magari ya soko la Japani ni za volti 100. Unahitaji transfoma ya kupandisha, 100 kwenda 230, ya VA 2,000. Transfoma haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde: Japani mashariki hutumia 50, magharibi 60, kwa hiyo pima kwanza kwa mita yenye kipimo cha hezi. Taa, simu na kompyuta hazijali. Kompresa na pampu zinajali. Na gari lako lina injini. Betri ikishuka, injini inajiwasha yenyewe, hata saa tisa usiku. Kamwe usifanye kazi hii ndani ya gereji iliyofungwa: moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuamsha.

Nina inveta ya sola ya volti 48. Nikiingiza umeme wa gari pale pa jenereta, gari linakata baada ya sekunde kumi. Mzigo wa nyumba ni wati 600 tu.
*Msomaji, Kigamboni*

Inveta ikiona umeme wa nje hufanya kazi mbili kwa mpigo: inaupitisha nyumbani na inaanza kujaza betri zake. Tuseme yako imewekwa kuchaji kwa ampia 60. Zidisha kwa volti 52, hizo ni wati 3,100, jumlisha 600 zako, jumlisha upotevu: umevuka 3,300 za gari. Ingia kwenye menyu, shusha chaji ya kutoka umeme wa nje hadi ampia 30. Itavuta kama wati 1,700, na nyumba itabaki na nafasi. Kama bado inakata, tatizo huenda ni kiungo cha nyutro na ethi ndani ya inveta. Rudi juu kwenye jibu la Mbweni.

Plagi ya chaja yangu imeyeyuka. Fundi ameweka mpya, nayo inanuka.
*Msomaji, Tanga*

Acha kuitumia leo. Kebo za chaji za Japani za volti 200 huvuta karibu ampia 15, na fundi ameikata plagi ya kwao akaifungia ya pini tatu ya ampia 13. Birika huvuta hivyo dakika tatu, gari huvuta saa nane. Kwanza hulegea klipu ya fyuzi, kisha joto huhamia soketi ya ukutani, halafu nyaya ndani ya ukuta. Kubadilisha plagi pekee ni kubadilisha shati juu ya kidonda.

Toa sakiti ya peke yake kutoka DB: waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampia 20, RCD ya miliampia 30 ya aina A, na mwisho soketi ya bluu ya viwandani ya ampia 16. Baada ya saa moja ya chaji gusa plagi kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya utoe mkono, kuna skrubu iliyolegea.

Nipo D1 ya TANESCO. Gari litanitoa?
*Msomaji, Dodoma*

Litakutoa. D1 ni daraja la bei nafuu, la wastani usiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Gari likitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, kwa kilomita 6 kila yuniti, pamoja na upotevu wa chaji, linakula kama yuniti 190 peke yake. Utahamia daraja la T1, yuniti moja shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, kama 356 ukijumlisha. Nyumba nayo itatozwa bei hiyo hiyo, kwa hiyo iingize kwenye hesabu. Hata hivyo jenereta ndogo ya petroli hunywa kama lita 0.7 kwa kila yuniti. Petroli ikiwa shilingi 2,500 tu, hiyo ni 1,750.

Kutumia gari kuwasha nyumba hakutachakaza betri?
*Msomaji, Kisumu*

Kwa kiasi kidogo sana. Nyumba inaiomba betri kilowati 1 au 2. Kupanda mlima kunaiomba 50. Kinachoila betri katika pwani na mabonde yetu ni joto likikutana na chaji iliyojaa, hasa kwa Leaf, ambalo betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji. Usiliache na asilimia 100 juani kutwa nzima. Lichajie usiku likamilike alfajiri, na siku za kawaida ishia 80. Betri za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), kama za BYD, ni tofauti kidogo: zijaze hadi 100 mara moja kwa wiki ili kompyuta isipoteze hesabu ya chaji iliyobaki. Ukisikia kesho umeme utakatwa, jaza lolote ulilonalo hadi juu.